Cheti cha Kutosoma

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini Wizara ya Majina imelifungia kabatini lisichakae, kwa hiyo humu nitasema "nchi yetu" tu. Wewe msomaji usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Haifanani na nchi yako hata kidogo.

Mimi naitwa Hiari Mlekwa, katibu wa vikao. Kwa miaka kumi na tisa nimeandika mihtasari ya kamati za serikali, na hakuna muhtasari wangu uliowahi kurudishwa kwa kosa, isipokuwa ule wa Kamati ya Mbwa Wazururaji, na hapo kosa lilikuwa la mbwa. Nasema haya kwa sababu nasikia watu mitaani wanachekelea namna tulivyochagua kitabu cha kozi ya fasihi ya Kiingereza ya enzi za Malkia Viktoria pale Chuo Kikuu cha Taifa. Wananiudhi. Wao hawakuwemo chumbani, mimi nilikuwemo. Nitaeleza ilivyokuwa bila kutia chumvi, na anayetaka kucheka acheke akiwa kwake.

Kozi hiyo ilikuwa ya Dokta Tabu Mwachiro, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa ameifundisha miaka ishirini na miwili, na miaka yote hiyo alitumia kitabu kimoja, riwaya iitwayo Daraja la Hobbeldon, iliyoandikwa na mama mmoja wa Kiingereza, Bi. Augusta Plimworth, zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita. Hakuna aliyemsumbua. Halafu Bunge likapitisha sheria kwamba kuanzia sasa kitabu chochote cha chuo kikuu sharti kichaguliwe na Kamati ya Taifa ya Uteuzi wa Vitabu, na kozi itakayokosa kitabu hadi mwisho wa mwezi itafutwa. Wanafunzi thelathini na wanane wa mwaka wa mwisho walikuwa wameshajiandikisha. Kozi ikifutwa, wote wangerudia mwaka, na Dokta Tabu angehamishiwa Kitivo cha Ufugaji wa Nyuki, kwa kuwa ndani ya faili lake kulikuwa na taarifa kwamba anapenda asali.

*

Ili uielewe kamati yetu, kwanza uielewe Kanuni ya Kumi na Nne.

Zamani kamati hizi zilikuwa ovyo. Siku moja, katika kuchagua kitabu cha fizikia, iligundulika kwamba wajumbe wawili walikuwa wamekisoma kitabu walichokuwa wanakitetea. Wamekisoma, wakakipenda, wakaja kukipigia kura! Magazeti yaliandika wiki nzima. Tangu hapo Kanuni ya Kumi na Nne inasema wazi kwamba raia aliyesoma kitabu ana maslahi nacho, na haruhusiwi kukijadili, kukipigia kura, kukifundisha, wala kukaa karibu na mlango wakati kinajadiliwa.

Kwa hiyo kila mjumbe huwa na Cheti cha Kutosoma. Hakitolewi hivi hivi. Unakaa mbele ya kamati, unaulizwa maswali matano kuhusu kitabu chenyewe, na ukipatia hata moja umeanguka. Watu wazima wamelia katika chumba kile. Namkumbuka mhandisi mmoja aliyebahatisha jina la farasi wa kitabuni, akapoteza cheo. Mimi vyeti vyangu nilivipata bila shida, sijisifu. Lakini Mwenyekiti wetu, Meja mstaafu Lugendo Matimbwa, alikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine nchini aliyekuwa nacho: Cheti cha Jumla, kinachohusu vitabu vyote vilivyoandikwa na vitakavyoandikwa. Alikitia kwenye fremu, na kila kikao alikuja nacho akakisimamisha mezani kikimtazama msemaji.

Kikao cha kwanza kilifunguliwa saa tatu asubuhi. Mwenyekiti aliwatambua waliokuwepo, waliokosekana, waliotarajiwa na waliotangulia mbele ya haki, akasema itifaki imezingatiwa, tukanywa chai kwa sambusa. Saa sita Dokta Tabu aliitwa.

"Waheshimiwa," alisema, "naomba mniachie Daraja la Hobbeldon. Ni kitabu kizuri na vijana wanakielewa."

"Uzuri wake umeupima kwa kigezo gani?" Mwenyekiti aliuliza.

"Kwa kukisoma, Mheshimiwa."

"Umekisoma?"

"Mara ishirini na tatu."

Nilisikia kijiko kikianguka. Bi. Nuruana, mjumbe kutoka Ustawi wa Jamii, alijifunika mdomo kwa mtandio.

"Mara ishirini na tatu," Mwenyekiti alirudia polepole. "Na unakuja kutuambia hayo mchana kweupe, mbele ya akina mama?"

"Mheshimiwa, mimi si ndiye mwalimu wa kitabu hicho?"

"Hapo ndipo ninaposhangaa. Daktari wa hospitali sharti awe mgonjwa? Hakimu sharti awe mwizi? Tafadhali mama yangu, tupishe."

Dokta alitoka, lakini hakwenda mbali. Alikaa kwenye benchi la koridoni mkoba ukiwa mapajani, na hakuondoka hapo siku nne, isipokuwa kwenda kufundisha masomo mengine na kurudi.

*

Vitabu vilivyoshindana vilikuwa vitatu, vyote vimefungwa kwa plastiki ili haki itendeke. Vilipimwa uzito kwa mizani ya wizara, vikapimwa urefu kwa rula, vikanuswa na mjumbe kutoka Idara ya Viwango, ambaye ana pua ya kuaminika.

Waandishi wote watatu waliitwa kwenye usaili. Hakuja hata mmoja. Bi. Plimworth tulimwandikia barua mara tatu, ya mwisho ikiwa na wino mwekundu. Mjumbe mmoja alisema kwa sauti ndogo kwamba huenda yule mama alishafariki. Mwenyekiti akataka kuona cheti cha kifo. Hakikuwepo, kwa hiyo nikaandika kwamba Bi. Plimworth ana udhuru.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha mashairi ya kasisi fulani aliyependa bustani yake. Mjumbe wa Viwango alikiinua kwenye mwanga, akaona kupitia plastiki kwamba mistari haifiki mwisho wa karatasi.

"Huyu bwana ameacha nusu ya ukurasa tupu," alisema kwa uchungu. "Kurasa mia mbili zote! Watu wa misitu tutawaambia nini?"

Kikaanguka. Cha pili kiliitwa Mjane wa Mnara wa Taa. Bi. Nuruana alisimama kabla hakijawekwa kwenye mizani.

"Huyo mjane ana faili ofisini kwetu?" aliuliza. "Kama hana, hatuwezi kumjadili nje ya utaratibu. Aje kwanza na barua ya mjumbe wa mtaa."

Tukamsubiri mjane hadi Jumatano saa nane mchana. Hakutokea. Kikabaki Daraja la Hobbeldon, gramu mia sita na arobaini, sentimita ishirini na moja, harufu ya kawaida. Kikapita kwa kura tisa dhidi ya sifuri.

Nilitoka mwenyewe kumpa Dokta habari. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nami nikaona fahari, maana si kila siku mtu huifurahia kamati.

*

Taarifa ilipofika kwa Waziri wa Elimu ya Juu Kabisa, alisoma neno la kwanza la kichwa cha kitabu, akaomba maji ya kunywa.

Hapa inabidi nieleze. Nchi yetu ina daraja. Linaitwa Daraja la Mshikamano, na limezinduliwa mara tatu, mara ya mwisho kwa gwaride na mizinga. Ni daraja zuri ambalo bado halijakamilika upande wa kujengwa. Wananchi wa ng'ambo huvuka kwa mitumbwi chini ya mahali litakapokuwa, na mimi ni mmoja wao, na sijawahi kulalamika.

Waziri alikuja kwenye kikao akiwa amesimama, maana yake alikataa kukaa.

"Nauliza swali moja," alisema. "Ndani ya kitabu hicho, daraja lilijengwa au halikujengwa?"

Tulitazamana. Nani angejua? Wote tulikuwa na vyeti.

"Kama lilijengwa, endeleeni," alisema Waziri. "Kama halikujengwa, huyo Plimworth atueleze nani kamtuma, na alijuaje mambo yetu miaka yote hiyo kabla hayajatokea. Nataka jibu kabla ya Ijumaa. La sivyo, kozi nzima naifuta."

"Bi. Plimworth ana udhuru, Mheshimiwa Waziri," alisema Mwenyekiti.

"Basi mtajua nyinyi."

Alipoondoka, Mzee Shomvi, daktari wa mifugo mstaafu na mjumbe mwenzetu, alijitolea. Alisema yeye umri umekwenda, hana cha kupoteza. Akachana plastiki, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma sentensi moja kwa macho. Papo hapo Mwenyekiti akagonga meza.

"Mzee Shomvi, umeshasoma. Una maslahi. Toka."

"Bado sijafika kwenye daraja, Meja."

"Toka!"

Mzee alitoka, na cha ajabu alitoka huku anasoma, akajigonga kwenye mlango. Nilipochungulia koridoni nilimkuta benchini kando ya Dokta Tabu, kidole kimeshika mstari, anamuuliza neno fulani maana yake nini. Hakurudi tena kwenye shughuli za umma. Tukabaki wanane, na jibu hatuna.

Ndipo Mwenyekiti alipopata wazo lake kubwa.

"Kitabu kimeshapita," alisema. "Lakini mwalimu wake naye, kwa mujibu wa kanuni, anahitaji Cheti cha Kutosoma. Si ataulizwa maswali kuhusu kitabu? Na si atajibu? Basi sisi tukae, tusikilize majibu. Tutajua habari za daraja bila mtu wetu kusoma hata herufi."

"Mheshimiwa," nilisema, "huyu mama kakiri mwenyewe kwamba amesoma mara ishirini na tatu."

"Bwana Katibu, mtu hajisemei. Yupo anayejidai amesoma ili aheshimiwe mtaani. Cheti ndicho kinachosema."

Nilimfuata Dokta benchini. Nilimweleza kwamba akifaulu, kozi imepona, na akianguka, Ijumaa Waziri anafuta kila kitu. Nikamkumbusha kwamba katika mtihani huu hufaulu anayekosea.

"Mlekwa," alisema, "mimi nimewafundisha watu wasikosee kitabu hiki miaka ishirini na miwili."

"Basi makosa yake yote unayajua, Dokta. Chagua matano."

Alinitazama juu ya miwani. "Una moyo mzuri wewe," alisema, "ila hujui unaniomba nini."

Ni kweli, sikujua. Nilifikiri namwomba kitu kidogo.

*

Maswali ya mtihani hutungwa na mtaalamu kutoka nje, kwa kuwa Kanuni ya Kumi na Nne inawabana raia tu. Mgeni anaruhusiwa kusoma atakavyo, madhara ni ya kwao. Safari hii aliletwa Profesa Kamugisha wa nchi jirani, bwana mrefu mwenye kikohozi. Kazi yake ilikuwa kuuliza, kusikiliza jibu, na kusema moja kati ya maneno mawili: "Siyo" au "Ndivyo". "Ndivyo" moja tu, na mtu ameanguka.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Dokta Tabu alivaa joho la mahafali. Kitabu kiliwekwa mezani kwenye plastiki mpya, na Cheti cha Jumla kikageuzwa kumtazama.

"Swali la kwanza," alisema Profesa. "Mji wa Hobbeldon uko kando ya nini?"

"Jangwa," alijibu Dokta.

"Siyo."

Nikashusha pumzi.

"La pili. Meya wa mji aliwaahidi wananchi daraja. Je, alilijenga?"

Wajumbe wote waliinama mbele. Dokta alikitazama kile kitabu, akakitazama tena, ungedhani anakiomba radhi.

"Alilijenga," alisema.

"Siyo," alisema Profesa.

Lakini nani alimsikia? Wajumbe walikuwa wanapiga makofi. Bi. Nuruana alipiga kigelegele. Mwenyekiti aliniambia kwa ishara niandike, nami nikaandika kwa herufi kubwa: ALILIJENGA.

"La tatu," alisema Profesa, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Siku ya uzinduzi meya aliwafanyia nini watu maskini waliokuja na shida zao?"

"Aliwasikiliza. Mmoja mmoja. Hadi jioni."

"Siyo."

"La nne. Kuna msichana aitwaye Neli, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, mtoto wa dobi. Neli anataka nini?"

"Hataki kitu," alisema Dokta. "Ameridhika." Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la joho, akaifuta na kuifuta.

"Siyo, Dokta," alisema Profesa, ingawa neno "Dokta" halimo katika kanuni. Kisha akanywa maji. "La mwisho. Siku hiyo hiyo ya uzinduzi, mama yake Neli alipatwa na nini?"

Dokta Tabu alifungua mdomo, akaufunga. Niliona midomo yake ikitafuta uongo, na uongo ulikuwepo mwingi tu, wa bure. Angeweza kusema aliolewa, au alipewa nishani. Mimi nilikuwa nambembeleza kimoyomoyo: sema nishani, mama, sema nishani yaishe.

"Alizama," alisema. "Alikuwa anavuka na nguo za watu, mashua ikapinduka katikati. Alipiga kelele. Bendi ya meya ilikuwa inapiga ukingoni, hakuna aliyemsikia. Neli ndiye aliyeziona nguo zikipita juu ya maji, akadhani mama yake ameziangusha."

Profesa Kamugisha aliitazama karatasi yake ya majibu. Aliitazama kwa muda ambao ningeweza kuandika nusu ukurasa. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

"Siyo," alisema.

Makofi yakalipuka. Maswali matano, hakupatia hata moja! Mwenyekiti alisimama akampigia saluti. Profesa aliomba ruhusa atoke nje kidogo. Baadaye ndipo nilipokuja kujua kwamba lile jibu la tano lilikuwa sahihi neno kwa neno, na kwamba mtaalamu yule, aliyesafirishwa kutoka nchi ya watu kuja kutulindia ukweli, alitudanganya kweupe. Ningepaswa kumshitaki. Sijafanya hivyo hadi leo, na nikikutana naye nitamwagizia supu.

*

Sasa watu husema kosa lilikuwa la muhtasari wangu. Halikuwa langu. Maneno ya mgeni hayaingizwi katika muhtasari wa taifa mpaka yatafsiriwe na Wizara ya Mambo ya Nje, hata kama ameyasema kwa Kiswahili, na tafsiri huchukua miaka miwili. Kwa hiyo kila "Siyo" ya Profesa ilibaki nje, na muhtasari ukawa na majibu ya Dokta peke yake. Ulikuwa muhtasari safi: mji uko kando ya jangwa, daraja lilijengwa, meya aliwasikiliza watu, Neli ameridhika, mama yake alizama.

Waziri aliusoma mara mbili akitabasamu. Kwenye mama alisita.

"Hapa vipi?" aliuliza. "Daraja lipo, limejengwa, yeye anakwenda kupanda mashua?" Kisha uso ukang'aa. "Ahaa! Hili ndilo tatizo la wananchi. Unawajengea, hawatumii. Mwandishi amelionya taifa juu ya ukaidi dhidi ya miundombinu. Huyu Plimworth ni mwenzetu kabisa!"

Nilimwona Mwenyekiti anakuna kidevu, nikafikiri ni ndevu.

Waziri aliagiza kitabu kichapishwe upya na taifa, kikirekebishwa kilingane na muhtasari wa kamati, kwani haiwezekani kitabu kiseme hivi na muhtasari useme vile. Chapa ya Taifa ilitoka kwa siku tisa. Jaladani kulikuwa na picha ya Waziri akikata utepe. Ndani, mama yake Neli alizama kwa mashua, jangwani, chini ya daraja lililokamilika. Na kwa kuwa wanafunzi nao ni raia, na Kanuni ya Kumi na Nne haibagui, ilielekezwa kwamba mwanafunzi atakayekisoma atakuwa na maslahi nacho na hatafanya mtihani. Nakala zikagawiwa zikiwa ndani ya plastiki, na muhuri juu yake.

Nilimpelekea Dokta nakala yake ofisini, nikidhani nampelekea zawadi. Alisoma maelezo ya nyuma ya jalada. Akacheka hadi akakaa sakafuni. Halafu kile kicheko kikageuka, nikaona machozi.

"Nimekiokoa, Mlekwa," alisema. "Nimekiokoa na nimekiua kwa mdomo wangu mwenyewe."

Nilimwinua, nikamwambia kipindi cha kwanza ni Jumanne saa nne, chumba namba tisa, na kwamba mimi ndiye niliyepangiwa kukaa ndani kuhakikisha hakuna anayefungua kitabu.

*

Jumanne walikuja wote thelathini na wanane. Thelathini na tisa, ukimhesabu Mzee Shomvi, aliyekaa mbele kabisa na penseli mbili. Kila mwanafunzi aliweka mezani Chapa ya Taifa iliyofungwa. Nilipita nikakagua mihuri, yote ilikuwa mizima. Nikaenda kukaa nyuma na daftari langu.

Dokta Tabu aliingia mikono mitupu.

"Vitabu vibaki hivyo hivyo," alisema. "Sheria ni sheria, na Bwana Katibu yuko nasi. Kalamu mnazo?"

Akaweka mikono nyuma, akatazama ukuta, akaanza. Aliisema sentensi ya kwanza kwa Kiingereza, taratibu, akairudia, kisha akaieleza kwa Kiswahili: kwamba mto wa Hobbeldon haukuwa mpana, na mtu mwenye sauti ya kawaida angeweza kumsalimia jirani wa ng'ambo na kuulizana habari za watoto, ila hawakuweza kufikiana. Wanafunzi waliandika. Akaisema ya pili. Akaisema ya tatu. Hakuwa na hata kipande cha karatasi. Alikuwa nacho chote kichwani, na saa mbili zilipita akikitoa mstari baada ya mstari, huku zile nakala thelathini na nane zikiwa zimelala mezani hakuna anayezigusa.

Mimi kazi yangu ni kuandika yanayosemwa, na mkono wangu umezoea vibaya. Kengele ilipolia nilikuta nimeandika sura nzima. Nilimwona dobi akikunja nguo za watu, nikamwona Neli akihesabu vitambaa vya meza ya tajiri ambayo yeye hajawahi kulia chakula. Nililia, nasema ukweli, nikiwa katika sare ya serikali. Msichana mmoja wa kiti cha jirani alinipa kitambaa chake bila kugeuka.

Wiki nne nilikwenda hivyo hivyo. Kila Jumanne niliandika ripoti ya mistari mitatu. Wanafunzi waliohudhuria: wote. Nakala zilizofunguliwa: hakuna. Waliosoma: hakuna. Ni ripoti ya kweli kuliko zote nilizowahi kuandika. Kozi haijafutwa, na nyuki wana mwalimu mwingine.

Wiki ya tano Mwenyekiti aliniita ofisini kwake nilete ripoti mwenyewe. Aliisoma, akagonga muhuri. Cheti cha Jumla kilikuwa ukutani nyuma yake. Nilipogeuka kuondoka aliniambia nifunge mlango, lakini nibaki ndani.

"Hakuna aliyesoma?" aliuliza.

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Wewe je?"

"Mimi nasikiliza tu."

Alikuwa na ile Chapa ya Taifa mezani, plastiki haijaguswa, amekaa anaizungusha kwa kidole.

"Hiari," alisema, na miaka kumi na tisa hajawahi kuniita hivyo. "Tangu siku ile ya mtihani jambo moja halinitoki. Kama daraja lilikuwepo, yule mama alikuwa anatafuta nini ndani ya mashua?"

Nilitazama mlango kama umefungwa vizuri.

"Jumanne, saa nne, Mheshimiwa," nilimwambia. "Chumba namba tisa. Njoo na kalamu."